Duara Nililolitoa Kwenye Kioo

Kambini, Shinyanga
Jumapili asubuhi

Mwanangu Nyanjura,

Ya kufunga sanduku na ya chakula cha njiani mama yako ameshakwambia, na kama ninavyomjua, amekwambia mara nne. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka miwili. Kesho alfajiri unatoka Bugwema kwenda Dodoma kusomea kompyuta. Sitaki uende huku ukiamini uongo juu ya babu yako, uongo ambao niliutunga mimi.

Naandika nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nje ya bweni la vibarua. Leo hatupondi mawe. Dereva wetu, Chacha, anaondoka saa nne na lori kwenda Musoma kuchukua vipuri, na amekubali kumwachia barua hii bodaboda wa njia panda ya Bugwema ili ikufikie jioni. Ameniambia pia kwamba mbele kuna nafasi, niende naye nikakuage mwenyewe. Nikamjibu kuwa msimamizi hajaniruhusu. Msimamizi sijamuuliza. Nakuambia hilo mapema ili ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani.

Hapa barabarani kila asubuhi tunaweka kidole kwenye mashine ijue tumefika kazini. Vidole vyangu vimekwisha. Saruji na mawe vimeila ile michoro ya ngozi hadi ncha zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Naweka kidole gumba, mashine inasema kwa sauti ya kike, "Jaribu tena." Naweka cha shahada, "Jaribu tena." Karani wetu ni kijana wa hapa hapa, anaitwa Shija. Ananitazama nikiwa nimesimama mbele yake na koleo langu.

"Mzee Manyama, leo hupo."

"Shija, si unaniona?"

"Nakuona. Ila mfumo haukuoni. Mimi naandika cha mfumo."

"Sasa hapo unaongea na nani?"

"Aa, mzee, usinitafutie makosa asubuhi yote hii."

Wenzangu wakaanza kuniita Marehemu. "Marehemu, lete toroli. Marehemu, uji umeiva." Nacheka nao. Lakini kila mara mashine ile inaponikana, nakumbuka kwamba na mimi niliwahi kumwambia mzee wa watu kwamba kifaa changu kinaona kuliko macho yake. Sikuwa na adabu hata ya Shija, ya kuona haya kidogo.

Unakumbuka kibanda chetu cha kutengeneza simu, kule Nyasho mjini Musoma. Ulikuwa unakaa kwenye kile kiti cha plastiki kilichokatika mkono, unanishikia bisibisi, nami nahubiri. Nilisoma hadi kidato cha pili tu, mengine yote niliyapata kwa kufungua simu za watu na kuziharibu hadi nikajua namna ya kutoziharibu. Nilipenda vile vitu. Hata sasa navipenda. Na kwa sababu nilivielewa kidogo kuliko wateja wangu, nilijiona nimeamka peke yangu katika mji uliolala.

Maneno yangu unayajua, maana ulikuwa unayarudia shuleni hadi mwalimu akaniita. Kwamba programu ya tochi inayotaka majina ya ndugu zako wote kabla haijawaka, hiyo si tochi, ni mpelelezi. Kwamba ukiona kampuni imekuandikia kurasa arobaini kukuahidi itakutunzia siri zako, ujue siri hizo zimeshapata mteja. Kwamba kiongozi akizindua mfumo kwa ngoma na utepe, vuta subira mwezi mmoja, kisha nenda dirishani, utaambiwa mfumo uko chini. Nilikuwaga nauliza, "Jamani, kuna aliyewahi kuambiwa mfumo uko juu?" na wateja wanacheka.

Sikuwa naongea hewani tu. Niliwahi kuitwa kwenye shule moja kutengeneza kompyuta ambazo waliambiwa zimeharibika. Nikakuta bado zimevaa nailoni za kiwandani. Umeme ulikuwa haujafika kwenye jengo lile, lakini picha za uzinduzi zilikuwa zimebandikwa ukutani, watu wazima wamesimama wanatabasamu nyuma ya vioo vyeusi. Na wakati wa kampeni niliwaona vijana wetu wa Nyasho wakipewa bando ili watukanane na watu wasiowajua, na baada ya uchaguzi bando likikata wanarudi kwangu kuomba niwakopeshe chaja.

Mengi ya hayo bado nayaamini, sitakudanganya kwamba nimeokoka nikawa mtu wa kusifu. Lakini kulikuwa na hila ndani yake ambayo sikuiona. Nilimshuku waziri, nikamshuku mwenye kampuni, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa. Sikukishuku hata mara moja kile kilichokuwa mkononi mwangu, wala mkono wenyewe.

Kibanda kilipokufa tukahamia Bugwema, kwa babu yako, baba wa mama yako. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ukafurahi kwa sababu ya maziwa. Mimi sikufurahi. Mimi ni mtu wa Kiriba, wa ziwani, nimekulia kwenye sangara na dagaa. Ng'ombe niliwakuta ukweni. Mwanamume mzima anayekaa ukweni, hajui kukamua, hajui hata upande wa kumkaribia ng'ombe, anakula ugali wa baba mkwe huku amekunja miguu kwa heshima. Hakuna aliyenisema. Babu yako alikuwa ananiita "Mkwe" kwa upole kama siku ya kwanza. Ningependa kama angenisema.

Naye alikuwa na heshima ya aina ambayo sikuwa na njia ya kuipata. Watu walikuja kumwita kutoka vijiji vya mbali ng'ombe wakiibwa, kwa sababu alisoma kwato kama wewe unavyosoma kitabu. Anachuchumaa, anagusa ukingo wa unyayo kwa kidole kidogo, anasema, "Huyu amepita kabla ya umande. Ana mimba. Anayemswaga amevaa kandambili moja mpya na moja kuukuu." Nilikuwa namtazama nikiwaza: ubahatishaji mtupu. Nikaagiza kile kifaa kidogo cha kufuatilia pikipiki, kile cha kutia laini ya simu. Nikakishona ndani ya ukanda wa kengele wa yule ng'ombe mwekundu. Babu yako alikubali kwa sababu hakutaka kunikatalia mbele ya wanawe.

Siku ya wizi wewe unaijua ya nyumbani. Nitakueleza ya porini.

Kulikucha tukakuta zizi limevunjwa, mwekundu na wenzake wawili hawapo. Mwano, lile yowe la wizi, ukalia. Sheria yetu unaijua: yowe likipigwa, kila mwanamume anaacha alichoshika, anakuja na fimbo, nyayo zinafuatwa, na watu wa mahali nyayo zilipoishia wanatakiwa waonyeshe zilikoendelea. Wasipoonyesha, ng'ombe wako kwao, na wao ndio watakaojibu. Kwa hiyo maisha ya watu yanategemea jicho la yule anayetangulia. Aliyetangulia alikuwa babu yako. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua moja, na simu mkononi.

Tulitembea hadi jua likawa kali, tukafika kwenye kijito kikavu chenye mwamba, upande wa kuelekea Butiama. Babu yako akachuchumaa kwa muda mrefu. Akasimama akanyoosha fimbo.

"Wamekwenda kushoto, upande wa Bunda. Hapa wamewapitisha juu ya jiwe makusudi."

Vijana walikuwa wamechoka. Mmoja wao, mtoto wa mjomba wa mama yako, akaniuliza, "Shemeji, mtambo unasemaje?"

Nikatazama. Nukta nyekundu ilikuwa kulia, mlimani, juu ya nyumba moja chini ya mnara wa simu. Nikasema, "Kulia. Ile nyumba ya bati jekundu."

"Mkwe," babu yako akasema, taratibu, "kulia hakuna kwato hata moja."

Nami nikamjibu, mbele ya watu zaidi ya arobaini, "Mzee, kwato zinafutika. Setilaiti haina ndugu wa kumficha."

Walicheka. Nyanjura, kile kicheko kilinishibisha kuliko chakula chochote nilichokula kwenye nyumba ile.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hakuna mtu anaijua. Kuzunguka ile nukta kulikuwa na duara kubwa la bluu iliyofifia. Duara lile lilikuwa limefunika mlima wote, vijiji viwili na kijito tulichosimama. Maana yake ni kwamba kifaa hakioni mbingu, hakijui kilipo, kwa hiyo kimetaja mnara kinaousikia na kusema: niko mahali fulani humu. Nilijua. Nyasho nilikuwa nawafundisha watu jambo hilo hilo walipokuja na simu zilizoibwa wakitaka kwenda kugombana na majirani. Nilijua, nikaweka vidole viwili juu ya kioo nikaikuza picha. Nikaikuza hadi duara likatoka nje ya kioo pande zote, ikabaki nukta peke yake juu ya bati jekundu. Ndipo nikamwonyesha yule kijana simu. "Ona mwenyewe," nikasema.

Wakaona wenyewe. Wakapanda kulia, na babu yako akatufuata kwa sababu asingeweza kuwaacha vijana waende bila mzee.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Wambura. Mnara ulikuwa umejengwa kwenye shamba lake, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hatia yake yote. Alitoka nje na kikombe cha uji mkononi, akatuona tulivyo wengi, akasema, "Karibuni jamani. Kuna msiba?"

"Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani tena, wanangu?"

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Anakula hela ya mnara, sasa anataka na ng'ombe wetu!" Fimbo ya kwanza ikaanguka kabla hajaweka kikombe chini. Babu yako alipiga kelele, "Acheni! Nyayo haziko hapa! Acheni!" Waliokuwa karibu walimsikia. Walikuwa na fimbo zao juu tayari, wakaona ni rahisi kutosikia.

Mimi sikumpiga. Kwa miaka miwili nimejitetea kwa maneno hayo mawili. Nilikuwa nimesimama kando ya banda la kuku, naisogeza picha kwenye kioo huku na huku, nikitumaini nukta itahama. Walimvunja mkono wa kulia. Jiko lake likachomwa, na mke wake akakaa chini kwenye majivu ya moto akiuliza jina la kijiji chetu, jina tu, tena na tena, na hakuna aliyemjibu.

Siku ya tatu ng'ombe wakapatikana upande wa Bunda, kule kule babu yako alikonyooshea fimbo. Ukanda wa kengele ulikuwa umetupwa korongoni.

Wazee wa kijiji cha Wambura walikuja na mtendaji, tukakutana kwenye darasa la shule ya msingi. Wakauliza swali moja: nani aliwaongoza? Kabla sijaingia darasani nilikuwa nimeshaifuta ile programu kwenye simu. Ndiyo, mimi niliyekuwa nawacheka wakubwa wanaochoma mafaili. Nikasimama, kwa kuwa nilikuwa msemaji mzuri kuliko wote, nikasema, "Tulifuata nyayo."

Watu wote wakageuka kumtazama babu yako. Vijana waliokuwa mbele siku ile walitazama madawati, maana angesema ukweli angewataja na wao. Babu yako aliniangalia, akaangalia dirisha, akasema, "Macho yangu yamezeeka." Akatoa ndama wawili wa fidia. Tangu siku ile hajaitwa tena kwenye wizi wowote, na kila mwano unapolia anakaa mlangoni na fimbo yake, anawasikia wakipita.

Wiki iliyofuata nikasema nimepata kazi ya barabara. Mliamini nimekuja huku kuwatafutia. Ada nimetuma, ndiyo, lakini sikutoka Bugwema kwa sababu ya ada.

Mwaka jana uliniandikia kwenye simu: "Baba, babu leo kapoteza fimbo, tumemwambia afuate nyayo zake, hahaha." Nami nikakurudishia kile kikaragosi kinachocheka hadi kinatoa machozi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kwenye ndoo hii. Nimefanya mabaya makubwa kuliko hilo, lakini hilo ndilo linalonijia ninapoinua nyundo.

Huko uendako watakufundisha kutengeneza programu. Mimi sijawahi kutengeneza hata moja, kwa hiyo la ufundi sina. Najua tu nani atakayeitumia. Ataitumia mtu kama mimi: ana haraka, amedharauliwa kidogo, anataka watu wacheke upande wake, anajua duara lina maana gani na ana vidole viwili vya kuliondoa. Sijui utamzuiaje. Labda hazuiliki. Zamani nilidhani ubaya unakaa juu, kwenye makampuni na kwenye magari yenye bendera, na kwamba sisi wa chini tunatendewa tu. Nilipewa madaraka ya asubuhi moja, juu ya watu arobaini na njia panda moja. Umeona nilivyoyatumia.

Na kama utakuwa na akili ya kushuku, maana umeirithi na sitaki uitupe, ianze na kile unachokipenda zaidi. Hicho ndicho kigumu kukishuku. Mimi sikuweza.

Nilikuwa nimefika hapa nikaweka kalamu chini. Nilitaka kumalizia kwa kukuomba umsomee babu yako barua hii kabla hujaondoka. Nimeandika sentensi hiyo, nikaisoma, nikaikata. Mara ya kwanza nilimtwisha yeye. Sasa nataka nikutwishe wewe, siku yako ya kuondoka. Nikachukua simu nikampigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mkwe. Habari za mawe?"

Nikaanza. Nikasema, baba, ile siku ya mwamba, wewe ulisema kushoto. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetema kitu cha moto.

"Nakumbuka nilivyosema," akajibu. "Nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema darasani?"

"Ningesema, wangekufanya nini wale? Na yule mtoto ungemwachia nani? Mkwe, nilijua utarudi useme mwenyewe. Nilikadiria mwezi mmoja." Akakohoa. "Hapo kweli macho yalinidanganya."

Akaendelea, "Haya mambo hayasemwi kwenye simu. Na si kwangu tu. Wambura bado hawezi kukamua kwa mkono ule. Njoo." Kisha akakata, au salio lilikata, sijui.

Nyanjura, Chacha ameshawasha lori. Nimekwenda kwa msimamizi nikamwomba siku nne. Amesema nikiondoka nafasi yangu anapewa mwingine, nikamwambia ampe. Kwa hiyo bodaboda wa njia panda hataiona barua hii. Nitakuletea mwenyewe.

Ningeweza kuichana sasa na kukueleza kwa mdomo. Najijua. Mdomo wangu utaanza vizuri, halafu utatafuta mahali pa kukufanya ucheke, na ukicheka nitakuwa nimepona bila kusema. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Nitakupa mkononi, nitaingia kumwamkia babu yako na mama yako, kisha nitatoka nikakae nje kwenye gogo la kupasulia kuni hadi umalize kusoma.

Kesho kutwa nitakwenda Butiama na babu yako, kwa miguu, tukipita pale kwenye mwamba. Nitazungumza na Mzee Wambura mbele ya mke wake, na kabla hajauliza nitamtajia jina la kijiji chetu na jina langu. Atakachoamua nitakipokea. Baada ya hapo nitaomba mkutano Bugwema.

Ukimaliza kusoma, kama unataka kutoka, toka. Kama una swali, uliza, hata liwe baya. Na kama hutaki kuniona, funga mlango ulale, una safari. Alfajiri nitabeba sanduku lako hadi barabarani, nitatembea nyuma yako, na sitasema neno mpaka wewe useme.

Baba yako,
Manyama